Siku Niliyoona Haya Kutoa Testa

Nakumbuka siku moja kule Murukulazo niliona haya kutoa testa, kile kipimo cha umeme, mfukoni mbele ya mzee wa watu, na haya ile nusura imuue mke wake. Nimeanza na kosa lenyewe, mwanangu, kwa sababu nikianza na maneno mengine nitazungukazunguka mpaka nilikwepe. Najijua.

Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu bado ni nyeusi. Huenda tumepishana miaka michache tu, wewe na mimi. Lakini katika kazi ya umeme, mkubwa si lazima awe mwenye mvi. Mkubwa ni yule aliyekwisha kutishwa akabaki hai kusimulia. Mimi nilitishwa mapema. Basi nipe heshima ya mzee kwa muda huu mfupi, halafu unirudishie ujana wangu.

Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilikulia Rulenge nikifungua redio za nyumbani na kuzifunga tena huku skrubu nyingine zikibaki kiganjani. Umeme ulipoanza kuja vijijini kwetu, nguzo kwa nguzo, nilizifuata nguzo zile kama watoto wanavyofuata ngoma. Niliangalia video za mafundi kwenye simu mpaka chaji ikaisha, nikaenda kuchaji, nikaangalia tena. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa wasiwasi, mtu wa kukosa usingizi kwa sababu swichi aliyoifunga imekaa upande kidogo, nilijifunza kwanza yale yanayoonekana. Waya wangu ulinyooka ukutani kama uzi wa mwashi. Vichwa vya skrubu nilivipanga vyote vitazame upande mmoja. Mtu alikuwa akiingia chumbani anasifu kabla hata taa haijawaka, na sifa zile nilizipenda mno! Sikujua kwamba umeme hauna habari na unyoofu wa waya. Nilikuwa nakamilisha kile ambacho macho yanaona, na hatari yenyewe macho hayaioni.

Sasa sikiliza.

Mzee Venanti wa Murukulazo aliniita kwa haraka. Kesho yake alikuwa anapokea wageni wanaokuja kumposa binti yake, na mkewe, Mama Onesmo, alikuwa amesema wazi kwamba wageni hawatapikiwa gizani. Alitaka taa kwenye jiko lake la nje. Ukutani mle jikoni mlikuwa na soketi moja ya zamani, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi: kuondoa soketi, kuchukua waya wake, kuuunganisha na waya mpya unaopanda kwenye taa. Nilifurahi mpaka nikasahau kunywa chai. Kufunga taa kwenye nyumba ya posa! Wageni wangeiona. Wangeuliza, nani amefunga?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu. Umeme nimeshauzima mwenyewe, usije ukapoteza muda."

Akanipeleka sebuleni kunionyesha. Kweli, mein swichi, ile swichi kuu ya nyumba, ilikuwa chini. Akabonyeza swichi ya taa, taa haikuwaka. Akanitazama kama mtu aliyefua nguo akaziona zimetakata.

Testa ilikuwa mfukoni mwa shati, ile ya umbo la bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Mkono wangu ulipanda mpaka pale mfukoni, ukasimama. Mwanangu, hapa ndipo pa kuelewa vizuri. Kwetu mzee akikwambia ng'ombe wamekunywa maji, huendi kuwatazama midomo. Amesema, basi. Mimi kutoa kipimo mbele yake, muda huohuo baada ya yeye kusema amezima, niliona ni sawa na kumwambia "wewe mwongo" ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nikaushusha mkono. Nikasema, "Asante mzee, umenirahisishia kazi." Nikaenda jikoni.

Mama Onesmo alikuwa ameketi chini anamenya ndizi, beseni la maji likiwa mbele yake, mikono imelowa na imekuwa myeusi kwa utomvu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Fundi ndiyo huyu? Mbona mwembamba kama waya wake?"

"Ndiyo mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Fanya haraka, nataka nione ninachokoroga."

Nikafungua rola la waya mpya, mweupe pe, nao ukatambaa mpaka karibu na maganda yake. Wasiwasi ukanipanda. Nikamwambia, "Mama, naomba usiuguse huu. Utomvu wa ndizi haufutiki." Akacheka sana. "Haya, bibi harusi wako sitamgusa."

Nikapanda juu ya stuli ya mbao, nikaivuta soketi ya zamani kutoka ukutani. Skrubu za ndani zilikuwa zimeshikwa na kutu, hazizunguki. Mpira wa waya ulikuwa umechubuka, shaba inachungulia. Nikaamua kuukata nyuma ya soketi, ila nikahofia kwamba nikikata, waya utarudi ndani ya tundu la ukuta nami nitahangaika kuutafuta.

"Mama, njoo unishikie hapa."

"Hauumi?"

"Umezimwa, mama. Shika tu."

Akainuka. Akanyoosha mkono wake uleule wenye maji na utomvu, miguu yake peku juu ya sakafu ya udongo aliyotoka kuimwagia maji ya ndizi. Mkono ukafika karibu na waya, ukasita.

"Ngoja nifute mikono. Utanigombeza tena na waya wako."

Akageuka kutafuta kitambaa. Nami, kijana wa haraka, sikumngoja. Nikaweka plaizi, koleo la kukatia waya, nikabana.

Pa!

Mwanga wa buluu ulinipiga machoni kama radi imeingia jikoni. Stuli ikayumba, nikaanguka chali juu ya maganda ya ndizi. Moshi, harufu ya kuungua, kuku wakaruka nje wakipiga kelele. Niliinua plaizi nikaona meno yake yameliwa tundu jeusi. Mpini wake wa mpira ndio ulioniokoa. Na katika ukimya ule uliofuata, redio iliyokuwa inanguruma ng'ambo ya migomba ikawa imenyamaza, na sauti ya mwanamume ikapaa.

"Nani huyo kanizimia redio? Penalti! Ilikuwa penalti!"

Huyo ni Onesmo, mtoto wa kwanza wa mzee, ambaye nyumba yake iko kwenye kiwanja hichohicho, nyuma ya migomba. Alikuja mbio amekasirika, akatuona, hasira ikamwishia mdomoni. Akautazama ukuta. Akajishika kichwa.

"Baba! Ule waya wangu!"

Ndipo kila kitu kikafunguka. Nyumba ya Onesmo ilipata umeme kabla ya ile ya baba yake. Wakati ule alimvutia mama yake waya mmoja wa jikoni, akaupitisha chini ya migomba ndani ya bomba la plastiki. Baadaye mzee akapata mita yake, nyumba kubwa ikawashwa, watu wakashangilia, na waya wa jikoni ukasahaulika kule ardhini ukiendelea kula umeme wa Onesmo. Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani yake huijui ila yake. Hapa, mwanangu, hata waliolala ndani yake hawakuijua.

Mzee Venanti alifika akihema. "Nilizima! Fundi, si ulinikuta nimezima?"

"Ulizima, mzee."

"Basi mbona..."

"Ulizima kweli, mzee. Huu unatoka kwa Onesmo."

Mama Onesmo alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Aliutazama waya ule ulioungua, akautazama mkono wake, kisha akasema polepole, "Mkono wangu ulikuwa pale."

Mzee akanigeukia. "Wewe huna kipimo?"

"Ninacho, mzee."

"Kiko wapi?"

"Mfukoni."

"Kwa nini hukukitoa?"

Nilitaka kusema nimesahau. Uongo ule ulikuwa tayari mdomoni, mtamu. Lakini mficha uchi hazai, nikasema, "Niliona haya, mzee. Ulikuwa umeshasema umezima."

Usoni mwa mzee nikaona ameumia, kama kwamba wazo tu la kupimwa limemchoma. "Ungenipima mimi?" Na ni hapo mkewe alipoingilia kati. Alisema na mumewe, lakini kila neno lilinipata mimi.

"Baba Onesmo, kesho wageni wakikaa, ile pombe pale atakunywa nani kwanza?" Akaelekeza kidevu kwenye mitungi ya pombe ya ndizi, urwagwa, iliyopangwa pembeni.

"Mimi. Si lazima mwenye nyumba aonje?"

"Unaonja kwa sababu nimetia sumu?"

"We mama! Hiyo ni desturi."

"Na mimi nimewahi kununa?"

"Hujawahi."

"Basi mwache na huyu kijana awe na desturi yake. Aonje waya. Akionja nyumba zote, hata ya padre, nani atanuna?"

Kama hujakulia huku kwetu, elewa kwamba mwenye pombe hampi mgeni mrija kabla yeye mwenyewe hajanywa mbele ya macho ya watu. Haulizwi kwa nini, na mpishi hajioni ametukanwa. Wanaonja matajiri, wanaonja maskini, anaonja hata baba kwa mwanawe. Nilikuwa nimeiona desturi hiyo maisha yangu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba waya nao ni kinywaji unachompa mgeni!

"Haya," mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na mkewe mbele ya watoto. "Onja."

Onesmo alikwenda akazima kabisa kwake. Nikatoa testa, kidole gumba nyuma ya mpini, ncha kwenye waya. Kitaa hakikuwaka. Nikafurahi. "Sasa hakuna umeme, mzee."

Mzee alikuwa bado ana kidonda cha dakika ile. Akaninyooshea kidole. "Na hicho kijiti chako, chenyewe nani amekionja?"

Onesmo akacheka. Mimi sikucheka. Tukaenda sebuleni sote, mzee akapandisha mein swichi yake, taa ikawaka waa! Nikaiweka testa kwenye soketi ya ukutani. Giza. Nikadhani ni mwanga wa jua wa dirishani, nikaufunika mpini kwa kiganja. Giza. Nikadhani ni mkeka niliokanyaga, nikahama. Giza. Onesmo akachomeka simu yake kwenye soketi ileile, ikalia, ikaanza kula chaji.

"Umeme upo, fundi. Wewe ndiye hupo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Testa ile ilikuwa imekufa, sijui tangu lini, nami nikitembea nayo kifuani kama nishani. Na nani aliyeiua? Mimi, mpanga skrubu! Nilikuwa natobolea nayo makopo ya mafuta. Nakazia baiskeli. Nafungulia betri za sola kwa kuikandamiza kama nyundo na patasi. Iliwahi kunyeshewa usiku kucha juu ya tofali nami nikaipangusa kwa shati. Niliijali rangi ya waya, sikujali kile kijitaa chembamba ambacho uhai wa watu ulikuwa umening'inia kwacho.

Mama Onesmo alielewa kabla ya wote.

"Kwa hiyo ungekitoa mfukoni..."

"Kingesema hakuna umeme, mama."

"Na wewe ungeniambia shika."

"Ningekwambia shika kwa nguvu."

Nikatoka nje. Nikaketi kwenye kizingiti. Nilijua wamenifukuza, nilikuwa nangoja tu neno lenyewe. Lakini mzee alisema, "Onesmo, toa pikipiki. Mpeleke Rulenge akanunue kipimo kizima. Wageni ni kesho."

Mwanangu, safari ile sijawahi kuisahau! Vumbi machoni, na njia nzima najirudia: kionje kwanza, onja waya, kionje tena. Nilinunua kipimo chenye ncha mbili na waya zake, kile kinachogusa sehemu mbili kwa wakati mmoja na hakitegemei mwili wako kupitisha umeme. Tulirudi jua lingali juu. Familia nzima ikanifuata kama ninaongoza ibada. Sebuleni, penye taa inayowaka, kikawaka. Tukazima kwa mzee na kwa Onesmo. Jikoni, waya kwa waya, kimya. Nikainama kuchukua vifaa vyangu.

"Rudi kule sebuleni," mzee akasema. "Huenda kimefia njiani."

Alikuwa anatania nusu, lakini nilirudi, tukawasha, kikawaka, tukazima tena. Leo najua kwamba ule utani ndio nusu ya pili ya kazi. Nikaung'oa waya wa Onesmo ncha zote mbili usibaki hata wa kusingiziwa, nikalisha jiko kutoka kwenye mita ya mzee, nikafunga taa. Mama Onesmo alibonyeza swichi mwenyewe, mikono yake mikavu. Jiko likawa jeupe! Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani wageni wameshafika.

Sasa nasaha yangu, na nitaisema waziwazi.

Usiamini swichi iliyoshuka, usiamini taa iliyozimika, usiamini mdomo wa mwenye nyumba hata kama ni baba yako aliyekuzaa. Si kwamba anadanganya. Anasema anachokijua, na waya unafanya kisichojulikana. Zima, hakikisha hakuna mtu wa kuja kuwasha ukiwa juu ya stuli, kisha shika kipimo chako ukipeleke kwanza mahali unapojua kwa hakika pana umeme. Kikiwaka pale, kipeleke kwenye waya unazotaka kuzishika, upime kila mmoja na mwenzake na kila mmoja na waya wa ardhi. Kikinyamaza, usishangilie bado. Rudi nacho palepale penye umeme kikaseme tena. Kimya cha kipimo kina maana pale tu ambapo umehakikisha kwamba kinaweza kupiga kelele.

Na ile testa ya bisibisi, iheshimu kwa udhaifu wake. Mkondo wake mdogo unapita mwilini mwako, kwa hiyo usiitumie ikiwa imelowa au imepasuka. Jua kali huficha kitaa chake, na mbao kavu uliyosimama juu yake inaweza kukizima. Ichukulie kama mpiga mbiu, isiwe hakimu. Na isitoboe makopo! Bisibisi za kutobolea zipo.

Halafu kuna sola. Kule Nyarubungo nilifika kwenye nyumba ya familia moja ya Kisukuma, paneli juu ya bati na umeme wa nguzo chini yake. Baba mwenye nyumba alizima mein swichi, naye alikuwa mkweli kama Mzee Venanti. Nikamwambia, "Mzee, mimi nina desturi yangu," nikapima, kipimo kikawaka. Ile mashine inayogeuza umeme wa betri ilikuwa bado inalisha waya za taa. Hakununa. Aliita watoto wake waje waone. Kumbuka pia kwamba umeme wa betri wenyewe, kabla haujageuzwa, testa ya bisibisi haiuoni kabisa. Huo unataka mita ya fundi iliyowekwa kwenye alama ya umeme wa betri.

Na kama kazi imekuzidi, iache, mwite aliyesomea. Kuuliza si ujinga, na aibu ya kuuliza haijawahi kuchoma jiko la mtu. Mimi baada ya siku ile nilikwenda kujifunza kwa fundi mwenye leseni, nikiwa mkubwa kuliko wanafunzi wenzangu, na wasiwasi wangu wote nikauhamishia hapo unapostahili. Skrubu zangu siku hizi hutazama popote zinapotaka. Nakudanganya: bado nazipanga. Lakini baada ya kupima.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu. Akukinge na waya uliosahauliwa na walioufukia, akujalie kurudi nyumbani kila jioni na vidole vyako vyote, na kila mama utakayemfungia taa aiwashe yeye mwenyewe na aishi kuiona ikizeeka.

Mimi tangu siku ile sijashika waya kwa neno la mtu, hata neno langu mwenyewe.